Ekseli Kwanza: Maandalizi ya Kuhamisha Nyumba ya Magurudumu Nchini Marekani

Nyumba ya kuhamishika, kwa maana inayotumika Marekani, ni makazi kamili ya familia, yenye vyumba vya kulala, jiko, bafu na mifumo yote ya umeme na maji, ambayo hujengwa kiwandani juu ya fremu ya chuma iitwayo chasisi na kisha kukokotwa na lori hadi kwenye kiwanja itakapokaa. Chasisi hiyo huundwa kwa boriti mbili ndefu za chuma zinazokwenda sambamba kutoka mbele hadi nyuma, zikiunganishwa na vyuma vya kukingama, na chini yake hufungwa ekseli kadhaa, yaani mihimili ya chuma inayokatisha upana wa nyumba, kila mmoja ukiwa na gurudumu katika kila ncha. Nyumba ya sehemu moja aghalabu huwa na upana wa futi 14 hadi 18, sawa na mita 4.3 hadi 5.5, na urefu unaoweza kufikia futi 80, ambazo ni kama mita 24. Ile ya sehemu mbili husafiri ikiwa vipande viwili, kila kimoja na chasisi na magurudumu yake, na huunganishwa ikishafika. Nyumba nyingi za aina hii, zikishawekwa juu ya nguzo zake, hazisogei tena, na vifaa vyake vya kusafiria huwa vimeandaliwa hasa kwa safari ile moja ya kutoka kiwandani. Kwa hiyo mtu anayekusudia kuhamisha nyumba iliyokaa mahali pamoja miaka kumi au ishirini hana budi kuanzia uvunguni, si kwenye makabati wala kwenye mkataba wa lori, kwa kuwa hali ya ekseli na vifaa vyake ndiyo inayoamua kama nyumba hiyo bado inahamishika au imebaki na jina tu.

Kuna jambo moja linalotangulia hata uvungu, nalo ni umri wa nyumba pamoja na eneo ambalo ilikusudiwa kukaa. Bunge la Marekani lilipitisha mwaka 1974 sheria ya viwango vya ujenzi na usalama wa nyumba hizi, na viwango vyenyewe, vinavyosimamiwa na Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, vikaanza kutumika tarehe 15 Juni 1976. Nyumba iliyojengwa baada ya tarehe hiyo hubandikwa kibao chekundu cha chuma kwenye ukuta wa nje wa kila sehemu yake, na ndani, mara nyingi kwenye kabati la jikoni, karibu na sanduku kuu la umeme au katika kabati la nguo, huwa na karatasi ya maelezo inayotaja kiwanda, namba ya nyumba, na maeneo ya upepo, theluji na joto ambayo paa na kuta zilipangiwa. Nyumba ya kabla ya hapo hukataliwa na wilaya nyingi na wenye viwanja wengi hata kama ekseli zake ni nzima, na ni busara kuuliza hilo huko inakokwenda kabla ya kutumia hata dola moja. Suala la upepo ni zito zaidi: baada ya kimbunga Andrew kuangamiza nyumba nyingi za aina hii kusini mwa Florida mnamo Agosti 1992, viwango vilikazwa mwaka 1994 na nchi ikagawanywa katika maeneo matatu ya upepo, ambapo nyumba iliyojengwa kwa ajili ya eneo la kwanza hairuhusiwi kusimikwa katika eneo la pili au la tatu. Familia iliyohamia Marekani, ikiona nyumba ya bei ya chini bara na kuwaza kuipeleka kwenye pwani ya Ghuba ya Meksiko, inaweza kuwa imenunua kitu ambacho hakitapata kibali cha kusimama huko.

Baada ya hapo ndipo mtu aingie uvunguni, akiwa na tochi, glavu na chaki, baada ya kuondoa vipande vya ukingo wa chini, yaani yale mabamba ya plastiki au bati yanayoziba nafasi kati ya sakafu na ardhi. Jambo la kwanza analopaswa kutambua ni kama ekseli zipo. Swali hili si la mzaha, kwa maana ni desturi ya kawaida katika biashara hii kwamba nyumba ikishawekwa juu ya nguzo, muuzaji au mhamishaji huondoa ekseli, magurudumu na hata mkono wa kukokotea wa mbele, kisha vifaa hivyo hupelekwa kwa wanaovikarabati na kuviuza tena viwandani ili vibebe nyumba nyingine. Mnunuzi wa pili au wa tatu mara nyingi hajui kwamba anachomiliki ni nyumba isiyo na miguu. Hata hivyo, chasisi huacha ushahidi, kwa sababu vishikizo vya springi, ambavyo ni vyuma vilivyochomelewa chini ya kila boriti ili kuning'iniza springi, kwa kawaida hubaki mahali pake, na kwa kuvihesabu fundi anaweza kujua nyumba ilitoka kiwandani na ekseli ngapi na zilikaa wapi.

Idadi hiyo haikuwekwa kwa kubahatisha, na haifai kupunguzwa kwa sababu ya bei. Ekseli ya kawaida ya nyumba hizi hukadiriwa kubeba pauni 6,000, yaani takriban kilo 2,700, na kiasi hicho hushikilia tu iwapo springi, habu, rimu na matairi yake yote yana uwezo unaolingana, kwa kuwa uwezo wa ekseli ni uwezo wa kifaa chake dhaifu kuliko vyote. Chukulia sehemu ya nyumba yenye uzito wa pauni 40,000, ambayo inaegemeza pauni 5,000 juu ya lori kupitia mkono wa kukokotea: zinabaki pauni 35,000 za kubebwa na magurudumu, na zikigawanywa kwa 6,000 jibu linapita tano na kukaribia sita, kwa hiyo ekseli tano hazitoshi hata kama zote ni mpya. Msomaji wa Afrika Mashariki aliyewahi kuona malori yakipimwa ekseli kwa ekseli kwenye mizani za barabara kuu ataelewa mantiki hii mara moja, ila hapa anayeumia wa kwanza si lami bali ni sakafu ya nyumba. Muuzaji wa vifaa vya mtumba anayesema kwamba ekseli nne zitatosha kwa kuwa safari ni fupi hastahili kusikilizwa, kwani tairi iliyozidiwa uzito huweza kupasuka hata katika safari fupi, na ikishapasuka mzigo wake huhamia kwa jirani yake ambayo nayo tayari imezidiwa.

Mahali pa ekseli nako kuna maana yake. Kundi lote la ekseli hufungwa nyuma ya katikati ya nyumba, ili sehemu ya uzito iegemee mbele juu ya lori. Nyumba ambayo mkono wake wa mbele ni mwepesi mno huanza kuyumba kushoto na kulia kadiri mwendo unavyoongezeka, na myumbo huo ukishaanza dereva hana njia rahisi ya kuuzima. Kwa hiyo ekseli za badala zirudishwe kwenye vishikizo vilevile vya kiwandani, na ikiwa mwenye nyumba ameongeza chochote kizito nyuma, kama vile mashine kubwa ya kupozea hewa au tangi la maji, kiondolewe kabla ya safari.

Ekseli za mtumba zinazonunuliwa kujaza pengo zinahitaji macho makali. Bomba la ekseli nyingi za nyumba hizi halikunyooka kabisa, bali limepindwa kidogo katikati kuelekea juu, ili uzito wa nyumba unapoingia bomba linyooke na magurudumu yasimame wima. Fundi asiyejua hilo akiifunga juu chini, magurudumu huinamia ndani kwa juu na matairi huliwa upande wa ndani. Ekseli iliyopinda kwa mbele au nyuma, kutokana na kugonga jiwe au shimo, ni mbaya zaidi, kwa sababu magurudumu yake huburuzwa badala ya kubingirika, na kasoro hiyo haionekani kwa kutazama tu, ila kwa kupima nafasi kati ya matairi mawili ya ekseli moja, mbele na nyuma, kwa futi kamba. Bomba lenye ufa, lenye kutu iliyokwisha kuchimba chuma, au lililochomelewa kiraka katikati lisitumike kabisa.

Katika kila ncha ya ekseli kuna habu, yaani kile kitovu cha chuma kinachozunguka pamoja na gurudumu juu ya beringi mbili, ya ndani na ya nje, ambazo huogelea katika grisi na kulindwa na sili inayozuia grisi kutoka na maji kuingia. Hapa ndipo nyumba iliyokaa muda mrefu inapoharibikia kimya kimya, kwa kuwa unyevunyevu wa ardhini hupanda mwaka baada ya mwaka, sili hukauka na kupasuka, grisi hugeuka kuwa nta ngumu, na beringi iliyosimama mahali pamoja hupata alama za kutu pale hasa ambapo vigololi vyake viligusa njia yake. Namna ya kupima ni rahisi: ekseli ikiinuliwa hadi gurudumu liache ardhi, gurudumu lizungushwe kwa mkono huku sikio likitegwa, na baadaye litikiswe kwa kushika juu na chini, mkwaruzo, mlio wa kusaga au mchezo unaohisika ni dalili kwamba kazi ipo. Lakini kwa nyumba iliyokaa zaidi ya miaka michache, ushauri wa busara ni kutosubiri dalili yoyote, bali kufungua habu zote, kuosha beringi kwa mafuta ya taa, kuzikagua, kutupa zilizochubuka, kuzishindilia grisi mpya ya beringi za magurudumu na kuweka sili mpya bila kujali hali ya zile za zamani. Wakati wa kufunga, nati ya katikati hukazwa huku habu ikizungushwa ili kila kitu kikae mahali pake, kisha hulegezwa na kurudishwa kwa nguvu ya vidole tu, na pini ya kuizuia isizunguke hupitishwa na kukunjwa. Nati iliyokazwa sana huchemsha beringi hadi ikashika, na iliyolegea huiacha habu icheze hadi gurudumu litoke.

Springi nazo, ambazo ni mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine na kubanwa kwenye ekseli kwa bolti zenye umbo la herufi U, hukaguliwa bamba kwa bamba, kwa kuwa bamba lililovunjika ndani ya fungu linaweza kufichwa na tope kavu. Kati ya springi ya ekseli moja na ya inayofuata huwa kuna kisawazishaji, kipande cha chuma kinachoning'inia na kubembea ili gurudumu moja likipanda tuta, uzito ugawanywe na lingine. Kikishashikwa na kutu kikakosa kubembea, kila tuta huelemea gurudumu moja, na vishikizo huanza kung'oka kwenye boriti. Alama ya ufa katika mchomeleo wa kishikizo ni sababu ya kutosha ya kusimamisha kila kitu hadi mchomeleaji mwenye sifa aurekebishe.

Breki za nyumba hizi kwa kawaida ni za umeme wa volti 12 kutoka kwenye lori: ndani ya dramu ya breki kuna sumaku ambayo ikipata umeme huvutwa na dramu inayozunguka, na mvuto huo husukuma breki shuu zibane. Si kila ekseli huwa na breki, ila idadi ya zilizo nazo hupangwa ili nyumba inayokwenda maili 20 kwa saa, kama kilomita 32, iweze kusimama ndani ya futi 40, yaani mita 12 hivi, na kwa sababu hiyo ekseli yenye breki isibadilishwe kwa isiyo nazo ati kwa kuwa matundu ya bolti yanaoana. Panya hupenda nyaya za uvunguni, na viungio vya nyaya huoza. Kila sumaku ipimwe kwa betri na mita, ambapo sumaku nzima ya breki za ukubwa huu huvuta takriban ampea 3, na ile isiyovuta chochote huwa imekatika waya au imeungua. Swichi ya dharura, ambayo hubana breki zenyewe ikiwa nyumba itachomoka kwenye lori, pamoja na betri yake, ijaribiwe siku ya safari na si wiki moja kabla.

Matairi ndiyo yanayodanganya kuliko kifaa kingine chochote, kwa maana tairi inaweza kuwa na kashata zote na upepo wake wote ilhali mpira wake umekufa. Nyumba nyingi hutumia matairi maalumu ya saizi 8-14.5, yanayovaa rimu ya inchi 14.5 ambayo haiingiliani na rimu za magari ya kawaida, na ambayo yalibuniwa kwa mwendo wa wastani chini ya mzigo mkubwa. Kwenye ubavu wa tairi iliyotengenezwa tangu mwaka 2000 kuna tarakimu nne mwishoni mwa namba yake ya usajili: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2319 ni tairi ya wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mipasuko midogo kati ya kashata au ubavuni, hasa upande uliokuwa ukipigwa na jua, ni sababu ya kuitupa. Rimu za mtindo huu ni duara la chuma lisilo na kitovu, linalobanwa kwenye mikono ya habu kwa vibano na nati, na lisipokazwa kwa kupishana, nati ya huku kisha ya ng'ambo, hukaa upande na kutembea likipepesuka. Nati hizo hukazwa tena baada ya kilomita chache za kwanza, kisha kila lori linaposimama. Hakuna mhamishaji mzoefu anayeondoka bila matairi kadhaa ya akiba yaliyokwisha kuvishwa rimu, na anayedai hayahitaji huenda hajawahi kusafiri mbali.

Kabla ya kutoka uvunguni, fundi afuate boriti zote mbili kutoka mwisho hadi mwisho akizigonga kwa nyundo penye kutu, atazame bolti au michomeleo ya mkono wa kukokotea, na ahakikishe kwamba kiungo cha mbele, ambacho hupokea mpira wa chuma wa lori wenye kipenyo cha inchi 2 na 5/16, kinafunga na kufunguka. Mkono huo ukikosekana, huenda umehifadhiwa uvunguni humohumo, kwa kuwa mingi hufungwa kwa bolti na kuondolewa nyumba ikishakaa. Juu ya boriti kuna mbao za sakafu, na hizo nazo zina lao: palipo na bafu, mashine ya kufulia au dirisha lililovuja kwa miaka, mbao za ukingoni huwa zimeoza kiasi kwamba ukuta umekaa juu ya unga. Nyumba ya namna hiyo inaweza kusimama miaka mingine kumi ikiwa haijaguswa, lakini ikitikiswa barabarani kwa saa tano, ukuta huachana na sakafu. Kwa hiyo uamuzi wa kuhamisha au kutohamisha ufanywe hapa, kwa kulinganisha gharama ya ekseli, matairi, mbao na mhamishaji na bei ya nyumba yenyewe, na mara nyingi kuliko wenye nyumba wanavyotarajia, hesabu hiyo huelekeza kuiuza papo hapo ilipo.

Ikiwa hesabu inaruhusu, kazi inayofuata ni ya makaratasi, ambayo inachosha ila haina fumbo. Mmiliki athibitishe hati ya umiliki, apate ridhaa ya benki ikiwa mkopo haujaisha, na alipe kodi ya mali, kwa sababu majimbo mengi hayatoi kibali cha kusafirisha nyumba bila uthibitisho kwamba wilaya haidai. Kila jimbo lina ofisi zake. Huko Texas, kwa mfano, masuala ya umiliki yako chini ya Idara ya Nyumba na Masuala ya Jamii ya jimbo, ilhali vibali vya barabarani hutolewa na Idara ya Magari. Kibali hakikwepeki, kwani upana wa kawaida unaoruhusiwa barabarani ni futi 8.5, yaani mita 2.6, na nyumba huuzidi sana. Nacho kwa kawaida huja na masharti ya kusafiri mchana tu, kutosafiri sikukuu, kubeba mabango na bendera nyekundu, na kusindikizwa na gari moja au mawili pale upana unapovuka kiwango cha jimbo. Ni kazi ya mhamishaji kuyapata hayo, na mwenye nyumba adai kuona leseni yake na bima yake kwa maandishi, aulize kama bima hiyo inalipa uharibifu wa nyumba yenyewe au wa magari ya wengine tu, kisha aulize bima ya nyumba inasemaje kuhusu safari, kwa sababu bima nyingi hukoma pale magurudumu yanapoanza kuzunguka. Njia nayo ipitiwe mapema kwa gari dogo, kuanzia mlango wa kiwanja cha zamani hadi wa kipya, kwa kuangalia nyaya za umeme, matawi, madaraja mafupi, kona kali, na hasa miinuko ya ghafla ya barabara ya kuingilia, ambapo nyumba ndefu hukwama tumbo huku ekseli zikining'inia.

Kukata huduma ni kazi ya mafundi wenye leseni. Fundi umeme huzima na kutenganisha waya mkuu kwenye nguzo, fundi wa gesi hufunga mlango wa bomba na kuziba ncha yake, mitungi ya propani huondolewa na kusafirishwa kando, na bomba la maji taka hutenganishwa na kuzibwa ili harufu na wadudu wasipande. Tangi la maji moto hutolewa maji yote, kwa kuwa maji yanayobaki ni uzito wa bure na, katika majimbo ya kaskazini, ni barafu itakayopasua mabomba. Mashine ya kupozea hewa iliyo nje isikatwe kwa koleo na mwenye nyumba, kwani sheria ya shirikisho inakataza kuachia gesi yake hewani na inataka inyonywe na fundi aliyeidhinishwa. Baraza, ngazi, vivuli na vyumba vilivyoongezwa baadaye hubomolewa vyote, na mikanda ya chuma inayofunga nyumba kwenye nanga za ardhini hukatwa mwishoni kabisa, siku yenyewe.

Kuhusu vitu vya ndani, kosa lililoenea ni kuigeuza nyumba kuwa lori la mizigo. Ekseli zilihesabiwa kwa uzito wa nyumba, na kila sanduku la vitabu, kitanda cha mbao nzito au friji iliyojaa hula akiba ndogo iliyobaki, ndiyo maana wahamishaji wengi hukataa kabisa samani nzito. Kinachobaki kikae sakafuni juu ya eneo la ekseli, na si mwishoni. Vioo, taa za kuning'inia na milango ya kabati iondolewe au ifungwe kwa utepe, na milango ya nje ifungwe kwa parafujo ikibidi. Nyumba ya sehemu mbili huongezewa kazi ya kutenganisha paa kwenye mgongo wake na kufungua bolti zinazoshikanisha nusu hizo, kisha upande ulio wazi wa kila nusu huegemezewa nguzo za muda na kufunikwa kwa plastiki nzito iliyopigiliwa mbao nyembamba, kwa kuwa plastiki iliyobandikwa kwa gundi tu hung'oka na upepo kabla ya kutoka mjini.

Kuinua nyumba kutoka kwenye nguzo zake ni hatua ambayo imeua watu, na mwenye nyumba anahitaji kuielewa ili aisimamie, si ili aifanye mwenyewe. Jeki za tani kadhaa huwekwa chini ya boriti kuu pekee, kamwe si chini ya vyuma vyembamba vya pembeni wala mbao za sakafu, juu ya mbao pana zinazozuia jeki kuzama, na nyumba hupandishwa sentimita chache kwa zamu, huku magogo ya mraba yakipangwa kwa kupishana ili yaipokee kila inapopanda. Hakuna mtu anayepaswa kuwa uvunguni wakati nyumba inashikwa na jeki tu. Udongo uliolowa mvua huahirisha kazi, na vivyo hivyo upepo: ubavu wa nyumba ni ukuta wenye urefu wa mita zaidi ya ishirini, na majimbo kadhaa hukataza safari upepo unapofikia maili 25 kwa saa, yaani kilomita 40.

Kiwanja kipya kiwe tayari kabla ya lori kufika, udongo ukiwa umeshindiliwa na kupewa mteremko unaotoa maji nje ya uvungu, na misingi ya nguzo, katika majimbo ya baridi, ikishuka chini ya kina ambacho ardhi huganda, kwa sababu ardhi inayoganda huvimba na kuinua nguzo kwa viwango visivyolingana. Nyumba husawazishwa kwa pima maji ndefu ya bomba, nguzo za bloku za saruji hubanwa kwa kabari za mbao ngumu, na mikanda mipya ya chuma, ile ya upana wa inchi moja na robo inayokadiriwa kustahimili mvuto wa pauni 3,150, hufungwa kwenye nanga. Mikanda ya zamani isirudishwe. Mabomba ya gesi na maji hupimwa kwa shinikizo kabla ya kuunganishwa, na umeme hukaguliwa na ofisi ya wilaya. Ekseli ama huachwa uvunguni zikiwa zimepakwa grisi na matairi yakiwa yamenyanyuliwa kutoka ardhini, ama huuzwa, na uamuzi huo uandikwe kwenye mkataba ili mhamishaji asiondoke nazo akidai ni desturi. Baada ya msimu mmoja wa mvua au theluji, mlango unaoanza kukwama na ufa unaotokea kwenye kona ya dirisha humaanisha kwamba nguzo fulani imezama, na kazi ya kusawazisha hurudiwa, kwa kawaida ndani ya siku moja, kabla madirisha hayajakataa kufunguka na paa halijaanza kuvuja pale nusu mbili zilipokutana.